Kocha Afukuzwe au Abaki? Maswali Yanayorudi Kila Timu Inapofungwa

Timu ikifungwa mara tatu mfululizo, ubishi huwa uleule na hata maneno huwa yaleyale. Hapa yamekusanywa maswali yanayorudiwa zaidi, na kila moja limejibiwa peke yake ili usilazimike kusoma yote. Nisijifanye sina upande: mashabiki wengi humhukumu kocha kwa matokeo peke yake, na wakurugenzi wengi humfukuza kocha ili wasihukumiwe wao.

## Mambo ya msingi

1. Ni vipigo vingapi ndipo tuseme kocha ameshindwa?

Hakuna idadi. Soka ni mchezo wa mabao machache, na penye mabao machache bahati ina nafasi kubwa. Mpira unagonga mwamba, refa anakosea, kipa wa wapinzani anaamka vizuri siku hiyohiyo mliyoenda kwake. Mechi tano hazitoshi kumjua kocha. Kumi zinaanza kusema jambo.

Februari 2015 Borussia Dortmund ya Jürgen Klopp ilikuwa inashika mkia katika Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani, wakati mwaka 2013 ilicheza fainali ya Ligi ya Mabingwa. Robert Lewandowski alikuwa ameshahamia Bayern Munich na pengo lake halikuzibwa. Dortmund haikumfukuza, ikamaliza ya 7, na Klopp akaondoka kwa hiari yake mwisho wa msimu.

Upande wa pili yupo Frank de Boer. Crystal Palace ya England walimtimua Septemba 2017 baada ya mechi 4 za ligi, zote amefungwa bila kupata hata bao moja. Akaja Roy Hodgson, naye akafungwa mechi tatu za kwanza za ligi bila bao! Kama kigezo ni vipigo tu, Hodgson naye alistahili kufunga virago. Palace walimaliza ya 11.

2. Kama si matokeo, tuangalie nini?

Nafasi. Timu inatengeneza nafasi gani na inaruhusu nafasi gani? Wachambuzi hutumia hesabu ya mabao yanayotarajiwa: kila shuti hupewa thamani kati ya 0 na 1 kulingana na uwezekano wa kuwa bao. Penalti hukaribia 0.8, shuti la mbali lililozungukwa na mabeki linaweza lisifike hata 0.05. Timu inayofungwa 1-0 huku thamani ya nafasi zake ikiwa kubwa kuliko ya wapinzani, wiki baada ya wiki, ina tatizo la umaliziaji au la bahati. Timu inayofungwa 1-0 na ilistahili 4-0 imeokolewa na kipa, na hapo kocha ana maswali ya kujibu.

Hesabu hii haifai kwa mechi moja. Anayeitaja Jumapili usiku kutetea kipigo cha Jumapili mchana anajiliwaza tu.

3. Wachezaji wabovu ni kosa la kocha?

Inategemea nani aliwasajili. Zamani meneja aliamua karibu kila kitu, kuanzia usajili hadi mikataba. Siku hizi klabu nyingi zina mkurugenzi wa michezo anayeongoza usajili pamoja na watu wa skauti na takwimu, na kocha mkuu hupewa kikosi akifundishe. Huenda ana kura. Mara nyingi neno la mwisho si lake.

Kwa hiyo kabla ya kudai kocha aondoke, tafuta majina ya waliosimamia madirisha ya usajili matatu yaliyopita. Klabu inayobadili kocha kila msimu huku wasajili ni walewale hurithisha kikosi cha makocha wanne kwa kocha wa tano: winga wa huyu, beki wa yule, mshambuliaji aliyenunuliwa kwa mfumo ambao hakuna anayeucheza tena.

## Mbinu

4. Je, mabeki watatu ndio wanaotuua?

Hili ndilo swali linaloongoza kwa kurudiwa, na jibu ni kwamba mabeki watatu peke yao hawajawahi kuua mtu. Antonio Conte alichukua ubingwa wa England na Chelsea msimu wa 2016/17 kwa 3-4-3, yaani mabeki watatu, viungo wanne na washambuliaji watatu. Bayer Leverkusen ya Xabi Alonso ilitwaa Bundesliga ya 2023/24 bila kufungwa mechi hata moja ya ligi, na nyuma ilianza na watatu. Ruben Amorim naye alikuwa bingwa wa Ureno akiwa Sporting kwa 3-4-3 hiyohiyo aliyokwenda nayo Manchester United Novemba 2024. Huko United msimu uliisha katika nafasi ya 15.

Sasa tofauti ilikuwa wapi? Mfumo huu unadai vitu viwili ambavyo si kila kikosi kinavyo. Kwanza, wachezaji wa pembeni wenye mapafu ya kupanda hadi kibendera cha kona na kurudi hadi boksi lao kwa dakika 90. Pili, viungo wawili wa kati wanaoweza kusimama mbele ya watatu wa wapinzani bila kuzidiwa. Kikosi cha United kilikuwa kimejengwa kwa mabeki wanne na mawinga wa kawaida. Winga aliyezoea kupokea mpira pembeni aliambiwa acheze ndani, mgongo ukiangalia goli, na beki wa pembeni akaambiwa awe ndiye winga.

Kumbuka pia kwamba namba za mfumo zinaonyesha timu ikiwa imesimama. Mpira ukitembea, 4-2-3-1 inaweza kushambulia kama 3-2-5, na 3-4-3 ikakaba kama 5-4-1. Unapotazama mechi, usihesabu mabeki. Tazama mpira unapopotea: nani yuko nyuma yake, na umbali kati ya mstari wa mabeki na wa viungo ni mkubwa kiasi gani. Wapinzani wakigeuka na mpira kila mara katika pengo hilo, hata ukiweka mabeki sita mtafungwa.

5. Mbona habadilishi mfumo wakati kila mtu anaona haufanyi kazi?

Ziko sababu za maana na iko ya kiburi. Ya maana ni kwamba mfumo huzaliwa mazoezini. Mchezaji anapaswa kujua pasi inayofuata kabla mpira haujamfikia, na hilo hujengwa kwa kurudiarudia. Timu inayocheza kila baada ya siku tatu hutumia siku zilizobaki kupona na kusafiri. Kocha akibadili mfumo katikati ya ratiba hiyo, anabadili karatasi tu.

Watu humtaja Conte akiwa Chelsea: alifungwa 3-0 na Arsenal Septemba 2016, akahamia mabeki watatu, akashinda mechi 13 za ligi mfululizo na kumaliza na pointi 93. Kweli kabisa. Ila Conte hakubuni kitu kipya usiku ule. Alirudi kwenye mfumo aliokuwa ameufundisha Juventus na timu ya taifa ya Italia kwa miaka. Kumtaka kocha ahamie mfumo asiowahi kuufundisha ni jambo jingine, na mara nyingi hapo ndipo timu hupoteza hata kile kidogo ilichokuwa nacho.

Kiburi nacho kipo. Utakitambua pale kocha anapong'ang'ania hata yale madogo yasiyohitaji mazoezi ya mwezi mzima, kama kumweka mchezaji upande usio wa mguu wake wakati mwenye mguu huo yuko benchi.

6. Tunamiliki mpira asilimia 65 lakini tunafungwa. Ni maendeleo au ni usanii?

Angalia umiliki huo ulipatikana lini na wapi. Timu iliyofungwa dakika ya 10 huachiwa mpira. Wapinzani wana bao lao, wanarudi nyuma, wanapaki basi, na wanafurahi kuona mabeki wenu wakipigiana pasi za pembeni. Umiliki wa namna hiyo umetolewa na mpinzani, hamkuupata kwa jasho.

Umiliki wenye maana una mambo matatu: pasi zinazovuka mstari wa wapinzani, wachezaji wanaopokea wakiwa wameshageuka kuelekea goli, na timu iliyojipanga kukaba palepale mpira unapopotea. Hilo la mwisho husahauliwa kuliko yote. Timu nyingi zinazomiliki na kufungwa hufungwa kwa mashambulizi ya kushtukiza, si kwa sababu zinashambulia, bali kwa sababu zinashambulia zikiwa zimetawanyika. Mabeki wawili wa pembeni wamepanda kwa pamoja, kiungo mkabaji ameenda kuomba pasi, na pasi moja mbovu inaacha mabeki wawili wakikimbizana na washambuliaji watatu.

7. Kwa nini wanaanza na pasi fupi golini wakati kipa angeweza kubutua?

Wanataka kuwavuta wapinzani. Wakija watano au sita kukaba juu, nyuma yao kunabaki uwanja mpana. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2019, mpira wa goli-kiki hauhitaji kutoka nje ya boksi ndipo uguswe na mwenzake, kwa hiyo kuanza kwa pasi fupi kumekuwa rahisi zaidi.

Kosa la kipa linaonekana na kila mtu. Bao lililoanzia kwa kipa pasi kumi nyuma hakuna anayelihesabia. Hata hivyo, kama timu inapoteza mpira hapo mara nne kila mechi na haijawahi kufika mbele kwa njia hiyo, kocha anafundisha somo ambalo wanafunzi wake hawaliwezi.

8. Mbona anachelewa kufanya mabadiliko?

Kanuni zinaruhusu wachezaji watano kubadilishwa katika ligi kubwa, lakini kwa kusimamisha mchezo mara tatu tu, mbali na mapumziko. Kocha akitumia nafasi mbili mapema, akipata majeruhi dakika ya 70 na mwingine dakika ya 85, anamaliza na wachezaji kumi. Hiyo inaeleza kuchelewa kidogo. Haielezi kusubiri dakika ya 82 huku mnafungwa 2-0 na kiungo wako anatembea.

9. Kwa nini fulani hachezi? Angetuokoa.

Mchezaji aliye benchi huwa hodari kila timu inapofungwa, kwa sababu hatukumwona akikosea siku hiyo. Anaweza kuwa na maumivu yasiyotangazwa, au anafanya mazoezi vibaya, au kweli kocha anamwonea. Subiri aanze mechi tatu nne kabla ya kumtawaza.

## Muda na uvumilivu

10. Ferguson alivumiliwa. Mbona huyu asivumiliwe?

Alex Ferguson alifika Manchester United Novemba 1986, kombe lake la kwanza likaja Mei 1990, ubingwa wa ligi ukaja 1993. Mfano huu umechoka. Tunaukumbuka kwa sababu ulifanikiwa. Makocha waliovumiliwa miaka mitatu na wasilete kitu hakuna anayewatungia hadithi.

Tena Ferguson hakuwa mtu wa kubahatisha. Alikuwa ameshawafunga Real Madrid akiwa na Aberdeen katika fainali ya Kombe la Washindi la Ulaya mwaka 1983. Na ndani ya ile miaka mitatu migumu alikuwa akijenga akademia na kuwaondoa wachezaji aliowaona wanamharibia nidhamu. Uvumilivu ulikuwa na kitu cha kuutazama. Kumvumilia kocha ambaye hakuna kinachojengwa ni kuahirisha tu.

11. Dalili zipi zinaonyesha kocha bado ana kitu?

Mfano wa kujifunzia ni Arsenal ya Agosti 2021. Mikel Arteta alifungwa mechi tatu za kwanza za ligi bila bao, ikiwamo 5-0 ya Manchester City, na timu ikawa mkiani. Misimu miwili iliyotangulia ilikuwa imemaliza ya 8. Wengi walitaka aondoke siku hiyohiyo. Aliyetazama vizuri angeona mambo manne: klabu ilikuwa imenunua vijana wanaolingana na mpango wake, kadhaa kati yao hawakuwa wamecheza mechi hizo, wachezaji wakongwe waliokuwa wakimsumbua walikuwa wanaondoka, na bodi na kocha walikuwa wakisema lugha moja. Arsenal ilimaliza ya 5 msimu huo, na ya 2 msimu uliofuata.

Dalili mbaya nazo zinajulikana. Timu hufungwa bao lilelile kila wiki, tuseme krosi ya nguzo ya mbali, na halirekebishwi. Kikosi cha kwanza hubadilika kila mechi bila majeruhi. Vijana hawakui, walio na miaka 21 wanacheza vibaya kuliko walivyokuwa na 19. Na kocha kila akihojiwa anazungumzia moyo wa kupambana, hana neno kuhusu alichotaka kifanyike uwanjani.

## Kibarua kikianza kuota nyasi

12. Kubadili kocha husaidia kweli?

Kidogo kuliko tunavyodhani. Mwanauchumi Bas ter Weel alichunguza ligi ya Uholanzi kati ya 1986 na 2004. Timu zilizofukuza kocha ziliimarika baadaye, lakini timu zilizokuwa katika hali ileile na hazikufukuza ziliimarika vilevile. Makocha hufukuzwa timu ikiwa chini kuliko uwezo wake wa kawaida, na aliye chini ya uwezo wake kwa kawaida hupanda. Kocha mpya hufika wakati huo na kupigiwa makofi.

Huo ni wastani. Ndani yake wapo waliogeuza mambo kweli. Thomas Tuchel alichukua nafasi ya Frank Lampard Januari 2021 na Mei hiyohiyo Chelsea ikawa bingwa wa Ulaya. Xabi Alonso aliikuta Leverkusen katika eneo la kushuka daraja Oktoba 2022, na msimu uliofuata akaipa ubingwa wa Ujerumani. Unai Emery aliipokea Aston Villa mwaka huohuo ikiwa chini, ikamaliza ya 7. Wote watatu mbinu zao zililingana na wachezaji waliokuwapo.

13. Bodi imetangaza kuwa ina imani na kocha. Tuamini?

Amini vitendo, na hata vyenyewe kwa tahadhari. Manchester United walimwongezea Erik ten Hag mkataba Julai 2024, kisha wakamfukuza Oktoba 28 mwaka huohuo timu ikiwa ya 14.

14. Kama kila mtu anajua ataondoka, mbona hawamfukuzi leo?

Kwanza ni fidia: mkataba ukivunjwa na klabu, kocha na wasaidizi wake hulipwa kwa makubaliano, na kiasi hicho hupunguza fedha za usajili. Pili ni mrithi. Kocha mwenye mkataba kwingine hununuliwa kama mchezaji. United waliilipa Sporting zaidi ya euro milioni 10 kumpata Amorim. Tatu ni kalenda, kwani klabu hupenda kusubiri wiki za mechi za kimataifa ili mgeni apate siku za mazoezi. Mengine ni woga tu, maana aliyemleta kocha ndiye anayetakiwa kumwondoa.

15. Kocha wa muda anashinda kila mechi. Apewe kazi?

Subiri mwisho wa msimu. Ole Gunnar Solskjær aliingia United Desemba 2018, akashinda mechi 8 za kwanza katika mashindano yote, akathibitishwa Machi 2019. Mechi 10 zilizobaki alishinda 2. Sababu nyingine ni ileile ya swali la 12: timu iliyo chini ya uwezo wake kwa kawaida hupanda.

16. Wachezaji wamemgomea kocha. Si ndivyo?

Ni tuhuma rahisi kutamka na ngumu kuthibitisha. Leicester City walimfukuza Claudio Ranieri Februari 2017, miezi tisa tu baada ya ubingwa wa maajabu wa England, wakiwa wamefungwa mechi tano za ligi mfululizo. Msaidizi wake Craig Shakespeare akashinda mechi tano za kwanza za ligi. Kwa wengi huo ulikuwa ushahidi tosha wa usaliti.

Mimi sioni hivyo moja kwa moja. N'Golo Kanté alikuwa ameuzwa Chelsea, na Ranieri alihangaika msimu mzima kutafuta umbo jipya bila yeye. Shakespeare aliirudisha timu kwenye kile ilichokijua: 4-4-2, kukaba kwa bidii, mpira mrefu kwa Jamie Vardy. Mchezaji asiyejua aende wapi hukimbia kidogo, na kwa aliye jukwaani huyo hafanani na mwingine ila mgomaji.

17. Kuzomea kunasaidia?

Humfikia mwenye klabu haraka kuliko barua, na viti vitupu humfikia haraka zaidi. Lakini anayezomewa wakati mpira unachezwa ni beki mwenye umri wa miaka 20, na pasi yake inayofuata itarudi nyuma. Wanaojali hilo husubiri filimbi ya mwisho.

## Hali zisizo za kawaida

18. Anawezaje kufukuzwa mtu aliyeleta kombe?

Roberto Di Matteo aliipa Chelsea Ligi ya Mabingwa Mei 2012 na kufukuzwa Novemba. Ange Postecoglou aliipa Tottenham Europa League, kombe la Ulaya lililo chini ya Ligi ya Mabingwa, Mei 2025, kombe lao la kwanza tangu 2008, na akaondolewa wiki mbili baadaye kwa sababu kwenye ligi walifungwa mechi 22 na kumaliza wa 17. Kombe la mtoano ni mechi chache. Bodi ilitazama mechi 38, mashabiki wakatazama kombe, na mpaka kesho mjadala huo hautaisha. Binafsi ningempa msimu mwingine.

19. Timu ikishuka daraja, kocha abaki?

Wakati mwingine ndiyo, hasa kama kikosi kilikuwa duni na kazi ilionekana. Burnley walishuka 2015, wakambakiza Sean Dyche, wakarudi 2016 wakiwa mabingwa wa daraja la pili.

20. Timu ya taifa je, inaweza kumfukuza kocha katikati ya mashindano?

Ivory Coast walifanya hivyo wakiwa wenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika lililochezwa Januari na Februari 2024. Walifungwa 4-0 na Guinea ya Ikweta, Jean-Louis Gasset akaondoka kabla hata hawajajua kama wamevuka makundi. Wakavuka kwa tundu la sindano, wakiwa miongoni mwa timu bora zilizoshika nafasi ya tatu. Shirikisho lilijaribu kumwazima Hervé Renard kutoka timu ya wanawake ya Ufaransa, likakataliwa. Msaidizi Emerse Faé akaachiwa timu, na fainali wakawafunga Nigeria 2-1.

Usitumie mfano huu kudai klabu yako ifanye vivyo hivyo. Mashindano ya mwezi mmoja hayana muda wa kusubiri mambo yatengemae.

21. Aliyefeli kwetu ni kocha mbovu?

Arsenal walimfukuza Unai Emery Novemba 2019. Mwaka 2021 alichukua Europa League na Villarreal. Vincent Kompany alishuka daraja na Burnley 2024, akachukuliwa na Bayern Munich kiangazi hichohicho, na 2025 akawa bingwa wa Ujerumani. Klabu haikukosea lazima kwa kumwacha, wala yeye hakuwa lazima mbovu alipokuwa kwenu.

22. Taarifa inasema "wameachana kwa makubaliano ya pande zote mbili". Maana yake nini?

Kocha akijiuzulu mwenyewe, kwa kawaida hupoteza malipo ya miaka iliyobaki. Akifukuzwa, hulipwa. Katikati yake kuna mazungumzo ya wanasheria, ambayo huisha kwa kiasi ambacho kila upande unaweza kukivumilia na sentensi moja isiyomuudhi yeyote. Ukiisoma saa tatu usiku baada ya kipigo cha nyumbani, amefukuzwa.